Kitabu cha Sigrún

Mwaka ule nilichoka hadi nikawa nasinzia nimesimama, pasi mkononi. Lakini kila jioni, Sigrún, mtoto niliyemlea, alipomaliza kukililia kitabu chake cha shule, nilikichukua nikakisoma jikoni.

Nilikuwa yaya wa familia kutoka Aisilandi, ghorofa ya kumi na tisa, Dubai Marina. Wao kwa wao walisema lugha moja. Mezani madam Hildur alimfundisha Sigrún nyingine, asije akarudi kwao akakuta wenzake wamemwacha nyuma. Mimi ni mtu wa Nyeri, sikuona cha kuuliza. Ile ya kwanza ilikuwa kama Kikuyu chetu, ya kugombezana na kuitana chakula. Ile ya kitabuni, inayoliza watoto, ndiyo ya serikali na ofisi, ya kumpa mtu kazi. Nikaishika hiyo. Kitabu kilikuwa na picha na sidii yake, nami nilikuwa na miezi minane ya kupiga pasi.

Sikumwambia mtu. Mfanyakazi wa ndani hamwelezi madam ndoto zake.

Mwishoni mwa 2008 biashara ya bwana iliyumba, wakaanza kufunga masanduku. Madam akaniita.

"Teresiah, mama yangu ni mzee, anaishi peke yake, na Kiingereza hajui. Ijumaa utaongea naye kwenye kompyuta. Akikupenda, utakuja kumtunza, na nitakusaidia umlete binti yako. Asipokupenda, basi, khalas, viza inafutwa, unarudi Kenya."

Miaka sita sikuwa nimeishi na Daisy wangu. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Ijumaa nilivaa gauni la kanisani. Bibi alipotokea kwenye kioo, nikamwaga yote ya kitabuni. Habari za mchana, bibi? Umelala vizuri? Umekula? Nikuletee maji? Sikupata kigugumizi hata mara moja.

Bibi aliacha kutabasamu. Sigrún akajifunika mdomo.

"Hiyo ni lugha ya Denmaki," madam alisema taratibu. "Walitutawala zamani. Tunaisoma shuleni kwa sababu ni lazima. Sisi tunaongea Kiaisilandi."

"Nyumbani," nilisema.

"Kila mahali. Hospitalini, bungeni."

"Hata bungeni?"

"Hata bungeni."

Nilikaa chini. Haikuwahi kunijia kwamba kuna nchi ambako waziri anahutubia kwa maneno yale yale ambayo mama yake alimwambia anawe mikono.

Bibi aliongea kwa muda mrefu, kwa upole. Madam akatafsiri akiangalia meza. "Anasema umejitahidi kuliko alivyojitahidi yeye shuleni. Ila amezeeka. Akiamka na maumivu anataka mtu wa kumwambia kwa lugha yake."

"Nitajifunza," nilisema. "Nipe miezi minane."

"Hana miezi minane ya kusubiri, Teresiah."

Sikulia, nilikuwa nimechoka mno. Nilitoka nje ya mlango, nikapiga simu Nairobi kwa dada yangu anayenilelea Daisy, nimwambie mwanangu kwamba hatuendi popote. Akapokea Daisy mwenyewe. Nikamsalimu kwa Kikuyu, kama mama alivyokuwa akinisalimu mimi.

Kisha sauti ya mwanangu, ya adabu, ikaniuliza kwa Kiingereza safi ningependa kuongea na nani.

Shule ile ya Kiingereza tupu nilimchagulia mimi mwenyewe. Nikamjibu kwa Kiingereza hicho hicho kwamba ni mama yake.