Jumatano ya Makosa

Kabla Josephina hajaweka utaratibu, kundi la WhatsApp la wakulima wa permakacha Lushoto lilikuwa uwanja wa kejeli. Walikuwa watu wanaojisifu kulima bila dawa za dukani na bila kuuchosha udongo, lakini kuchoshana wao kwa wao waliweza sana. Ukiuliza kwa nini kabichi zako zinaoza, unaambiwa urudi shule. Rubeni na Kristian walitoleana povu kwa sababu ya kuchoma majani, mpaka wake zao wakaacha kusalimiana kanisani.

Josephina, kama admini, akaamua: anayetaka kukosoa aanze kwa kutaja zuri aliloliona, kisha aulize, asihukumu. Na kila Jumatano mtu aonyeshe alipokosea shambani, ili wengine wasirudie. Jumatano ya kwanza kundi likawa kimya kama maji mtungini. Siku hiyo kila mtu alikuwa mkulima bora. Basi akajitosa mwenyewe.

Akapiga picha mtaro wake wa kukinga maji huko Gare, ule alioukata kwenye mteremko akasahau kuuachia njia ya kutolea maji. Masika ilipokuja ukajaa, ukapasuka, ukateremsha udongo mpaka kwenye maharage ya jirani. Aibu ilimchoma masikio, lakini akatuma picha na maelezo yote.

Wa kwanza kujibu alikuwa Kibibi wa Mlola, rafiki yake tangu walipohudhuria mafunzo pamoja, wakalala chumba kimoja na kuazimana kanga. "Hongera kwa ukweli, mwenzangu," aliandika. "Umetufungua macho. Je, ukipanda majani ya tembo ukingoni, udongo hautashika?"

Josephina aliyasoma maneno yale hadi akayakariri. Akapanda majani, akachonga njia ya maji, akatuma picha ya mtaro uliopona. Baada ya hapo watu wakafunguka. Rubeni akaonyesha mboji yake iliyokuwa ikinuka kama choo, na Kristian, amini usiamini, akamuuliza kwa upole aliigeuza lini mara ya mwisho.

Ndipo zikaja habari za shamba darasa. Shirika moja lilitafuta shamba ambalo wakulima wangekwenda kujifunzia, na mwenye shamba angevutiwa bomba la maji. Kila kiangazi Josephina alipandisha mlima na ndoo kichwani. Bomba hilo alilitaka kuliko kitu chochote. Yalifikiriwa mashamba mawili, lake na la Kibibi.

Kibibi akampigia simu. "Mwenzangu, hili ni lako. Mimi wameniandika kujaza nafasi tu."

Siku Eliya, bwana shamba wa lile shirika, alipofika Gare, alimwamkia vizuri, "Shikamoo mama," kisha akakataa chai. Josephina akajua hapo hapo kwamba mambo si mazuri.

"Tumeambiwa udongo wako unaporomoka," Eliya alisema, akimpa simu yake. "Hatuwezi kuleta watu wajifunze hapa. Shamba darasa tumelipeleka Mlola."

"Njoo basi uuone mtaro wenyewe. Huo hapo nyuma ya migomba."

"Mama, wakubwa wameshaamua."

Kwenye simu kulikuwa na skrinishoti ya kundi lao. Mtaro uliopasuka, maelezo yake mwenyewe, na chini yake: "Hongera kwa ukweli, mwenzangu." Ilikatwa hapo. Mtaro uliopona haukuwemo.

"Nani amewatumia?"

"Hilo siwezi kusema, mama."

Hakuwa na haja ya kusema. Zile pongezi zilikaa upande wa kulia, ndani ya kisanduku cha kijani, bila jina, kama maneno ya mtu yanavyokaa kwenye simu yake mwenyewe. Kwenye simu ya mtu mwingine yeyote, jina la Kibibi lingeonekana juu yake.

Eliya alipoondoka tu, Josephina akapiga simu Mlola.

"Sikusema uongo," Kibibi alijibu. "Picha ni yako, maelezo ni yako."

"Na ya mtaro uliopona, mbona hukupeleka?"

"Si wewe uliyetufundisha kwamba makosa hayafichwi?"

Josephina akakata simu, akakaa kwenye kizingiti akalia. Bomba lilimuuma, lakini zile pongezi zilimuuma zaidi. Kibibi alikuwa amemng'ata huku akimpuliza, na yeye alishukuru.

Jumatano iliyofuata alianza Mwanahamisi wa Muheza, mgeni kwenye kundi. Alituma picha ya miche ya pilipili manga iliyonyauka yote. "Shikamoo mama Josephina. Niliweka samadi mbichi, miche imeungua. Niokoe vipi shamba?"

Josephina aliitazama ile picha. Kisha, kwa mamlaka ya admini, akaifuta kabla watu hawajaiona.

Mwanahamisi akamfuata pembeni. "Samahani mama, nimevunja sheria?"

"Hujavunja, mwanangu. Swali lako ni zuri sana," Josephina aliandika. "Ila kosa lako nitumie mimi peke yangu. Kule usimwonyeshe mtu."

Aliporudi kwenye kundi, Rubeni alikuwa ameshatuma kabichi nono zinazong'aa, na chini yake Kibibi alikuwa ameuliza, kwa adabu zote, "Wapendwa, leo hakuna mwenye kosa?"