Mama Anaita Mara Tatu

Paulino alikuwa ameapa kwamba Isaac hatarudi, na katika hilo hakuwa na mzaha. Mchezo wake aliuandika uhamishoni Uganda, akaupandisha jukwaani katika ukumbi wa Nyakuron mwaka 2011, mwaka wa uhuru wa Sudan Kusini, na Juba ikaupokea kwa mikono miwili. Mwishoni, mama anasimama mlangoni na kumwita mwanawe Isaac, aliyekwenda vitani. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu ukumbi mzima unamjibu kwa Kiarabu cha Juba: "Ana fi!" Nipo. Paulino hakuyaandika maneno hayo. Katika onyesho la kwanza kijana mmoja alishindwa kujizuia akajibu, na tangu hapo vijana walikuwa wakijibu kila mara, vifua mbele, kama vile nchi mpya ndiyo iliyokuwa ikiita.

Sasa ulikuwa mwaka 2014, vita vingine vimeingia, na mchezo ulikuwa ukigeuzwa tamthilia ya televisheni ya sehemu sita. Tano zilikwisha bila matata. Ya sita iliwakaba koo.

"Ustaz, kwa jukwaa hiyo iko sawa," alisema Arthur, mwongozaji kutoka Kampala. "Lakini mtu ya televisheni iko kwake nyumbani, pekee yake. Nani atajibu huyo mama? Mimi nataka Isaac aingie kwa geti, amkumbatie, tumalize."

"Isaac harudi."

"Basi tujaribu yako mara moja. Kesho kamera zinarudi Kampala. Ikikataa, tunapiga yangu."

Paulino alimeza hasira. Alizijua nyumba za mtaa wa Gurei ambazo tangu Desemba, vita vilipoanza, zilikuwa zikingoja mtu. Kumrudisha Isaac mwaka ule kulikuwa kuwadanganya wazazi mchana kweupe. Lakini Arthur naye alikuwa na hoja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Bila ukumbi, nani angejibu?

Walikuwa wakipiga picha katika ua mmoja wa mtaa wa Malakia, na soko lilikuwa nyuma tu ya uzio wa mabati. Zadock, msimamizi wa vifaa, alitumwa kuomba utulivu. Alirudi anatabasamu.

"Wamekubali. Wameuliza ni ya nini, nikawaambia ni ule mchezo ya Nyakuron, ule ya mama anaita."

Mashine ya kusaga ikazimwa. Redio zikafuata, kisha hata waliokuwa wakipatana bei. Paulino hakuwahi kuisikia Malakia ikinyamaza hivyo.

Santina, aliyemcheza mama yule tangu siku ya kwanza, akasimama mlangoni.

"Isaac!"

Kimya.

"Isaac!"

Kimya. Mabega ya Santina yalishuka kidogo. Miaka yote alikuwa ameuegemea ukumbi, na leo hakukuwa na ukumbi. Arthur alikwisha kutazama saa.

"Isaac!"

"Ana fi!"

Sauti ilitoka nyuma ya mabati, upande wa mboga, upande wa samaki, mpaka kwa mafundi cherehani, yote kwa pamoja. Kisakye, fundi wa sauti, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga kelele kwamba sauti imeharibika, alibaki kinywa wazi, mikono juu ya vipokea sauti vya masikioni. Santina hakugeuka. Machozi yalimtiririka naye akayaacha.

"Si tuliomba wanyamaze?" Arthur alinong'ona hatimaye.

"Wamenyamaza mara mbili," alisema Zadock.

Arthur akamgeukia Kisakye. "Imeingia?"

"Yote."

"Usiguse kitu." Akavua kofia. "Ustaz, hiyo ndiyo mwisho."

Paulino alitoka nje kuwashukuru. Alitafuta kwa macho wale vijana wa Nyakuron, meza kwa meza, akafika mpaka mwisho wa safu. Hapakuwa na hata mmoja. Walikuwa kina mama peke yao, wamesimama nyuma ya bidhaa zao, wanamtazama. Aliyekuwa karibu naye, Florence, muuza bamia kavu, alikuwa bado ameshika kitambaa mdomoni.

"Ustaz," akauliza, "ule mama iko ndani, amesikia sisi?"

"Amesikia, Mama."

Florence akaitikia kwa kichwa, akakaa kwenye kigoda chake. "Basi yeye iko na bahati, amejibiwa," alisema.