Taa Iliyozimwa kwa Spana

Kuna maneno niliyasikia saluni nikisubiri kusukwa, na tangu siku hiyo hayajanitoka. Msusi alisema kuna mwanamume gari lake lilizimika katikati ya maji, pale kivukoni ambapo mto hupita juu ya zege mvua ikinyesha. Badala ya kutoka, akawa anazungusha ufunguo. Akazungusha, akazungusha, mpaka maji yakamfika kifuani. Walipomtoa, mkono wake ulikuwa bado umeukamata ufunguo, wakaubandua kidole kimoja kimoja.

"Ulimwona wewe?" nikamuuliza.

"Mimi sikumwona, ila aliyeniambia hana uongo."

Mtu aliyemjua marehemu huyo sijampata mpaka leo. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na binti yangu wa mwisho anavuka kivuko hicho hicho kila siku akipeleka mikate ng'ambo. Kiwandani wanamwita Chapuchapu, maana mkate wake hufika dukani ukiwa bado na joto. Gari lake ni la zamani, vioo vya kuzungusha kwa mkono, mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba. Mimi huenda naye kumshikia kreti.

Ilianza baada ya mvua za kwanza. Maji yalifika nusu ya magurudumu, injini ikakohoa kidogo, tukatoka. Tulipokuwa tunapanda kilima, kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano yenye umbo la injini.

"Mwanangu, hiyo nini?"

"Limelowa tu, mama. Gari ni kama wewe, linalalamika lakini linafika."

Nikacheka, lakini ile taa niliitazama mpaka tulipofika.

Asubuhi taa ilikuwa bado inawaka. Sasa, kiwandani kuna msimamizi anayechungulia dashibodi kabla gari halijapakiwa. Gari lenye taa halipakii. Ni utaratibu mzuri, uliwekwa kuwalinda madereva. Binti yangu akafungua boneti, akachukua spana namba kumi, akachomoa waya wa betri, akauacha kidogo, akaurudisha. Taa ikapotea.

"Umelitengeneza?"

"Taa imezima, au hukuona?"

Msimamizi akachungulia, akampungia mkono apakie.

Ikawa ndiyo desturi. Tunavuka, injini inakohoa, taa inawaka, asubuhi spana. Mimi niliishia darasa la saba, mambo ya injini siyajui. Lakini najua mtoto akilia humzibi mdomo kisha ukasema amepona.

Nilimsumbua mpaka akakubali twende kwa Fundi Miwani asubuhi moja kabla ya kupakia. Ana kibanda cha mabati nyuma ya kituo cha mafuta, na miwani yake imefungwa kwa waya wa umeme. Akachomeka mashine yake ndogo chini ya usukani, akaitazama, akakunja uso.

"Gari linasema halina tatizo. Gari la umri huu lisilo na tatizo sijawahi kuliona. Betri mlichomoa lini?"

Binti akatazama viatu vyake.

"Leo asubuhi," nikasema mimi.

"Mama, jamani."

"Dada," fundi akamwambia, "taa ikiwaka, gari linakumbuka lilipoumia. Ukichomoa betri unalisahaulisha. Sasa mimi nimuulize nani?"

"Si ukague kwa macho."

"Nitakagua. Niachie mpaka kesho, nifungue plagi na waya zake, nitazame na mafuta ya injini."

"Leo napakia, na kesho pia."

Fundi akachomoa mashine yake polepole. "Basi ikiwaka tena niletee ikiwa inawaka. Ikiwaka bila kupepesa, inakwambia njoo kwangu. Ikipepesa, inakwambia simama. Ikipepesa usisogee, dada, hata kama unaliona paa la kwenu."

Njiani nilimwomba aliache gari. Akasema mafundi ukiwaachia gari wanalitafutia ugonjwa. Sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo niliimeza, maana mama halitamki neno kama hilo juu ya mwanawe.

Kesho yake tulivuka asubuhi, taa ikawaka kama kawaida. Jioni tukawa tunarudi na kreti tupu. Juu milimani kulikuwa kumenyesha kutwa. Tulipoanza kuteremka kuelekea kivukoni, ile taa ikaanza kupepesa.

"Inapepesa," nikasema.

"Barabara ina mashimo."

"Fundi alisema..."

"Fundi hapakii mikate, mama. Tukilala huku, kesho nitakaguliwa wapi?"

Maji yalikuwa ya rangi ya matofali, na nguzo fupi zinazoonyesha kingo za zege hazikuonekana. Wapakia mchanga walikuwa wamesimama ukingoni. Mmoja akamwita, "Chapuchapu, subiri yapungue." Akampungia mkono, akaingia.

Nilishika mlango kwa mikono miwili. Gari lilitetemeka kama mwenye homa. Tulipofika katikati, taa zote zikawaka pamoja, nyekundu na njano, na injini ikanyamaza. Hapo ndipo nikayasikia maji yenyewe. Yalikuwa yanagonga mlango wangu kama mwenye nyumba aliyechoka kungoja.

Yakaingia miguuni, ya baridi. Kreti zikaanza kuelea nyuma yetu, zikigongana. Binti yangu akazungusha ufunguo. Krr. Akazungusha tena.

"Litawaka tu, mama. Litawaka."

Hakuwa ananiambia mimi. Nikatazama vidole vyake, unga bado uko kwenye kucha, vimeukamata ufunguo mpaka vimebadilika rangi, na yale maneno ya saluni yakanijia yote. Maji yalikuwa yamezidi unga. Alipoulegeza kidogo ili ajaribu tena, nikauchomoa. Kioo changu nikakizungusha mpaka chini, nikautupa majini.

"Mama, umetuua."

"Pita kwangu. Toka."

Akanitazama kama hanijui, kisha akapita. Nilimsukuma kwa bega akashika paa, na mimi nikamfuata, gauni limenaswa nusu. Wapakia mchanga wakaturushia kamba yao. Nilimfunga yeye kwanza. Zamu yangu ilipofika na nikakanyaga ukingo, gari lilisogea, likageuka ubavu, likaondoka taratibu kama mtu asiyetaka kuwaamsha wenzake.

Maji yalipopungua tulilikuta limenasa kwenye matete. Likavutwa hadi kwa Fundi Miwani. Akalifungua mbele yetu, akatuonyesha mpira unaofunika waya wa plagi. Ulikuwa na ufa mwembamba kama wa kisigino.

"Maji yalikuwa yanaingia hapa tangu siku ile ya kwanza," akasema. "Yakikauka injini inapata nafuu, yakirudi inakosa moto. Taa ilikuwa inawaambia kila siku."

Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini. Kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia kwenye mafuta.

"Ni mpira tu?" binti yangu akauliza kwa sauti ndogo.

"Ni mpira tu, dada."

Siku hizi anaoka, haendeshi. Mvua ikinyesha hulala kwenye mkeka wangu, mtu mzima yule, na usingizini mkono wake wa kulia unazunguka, unazunguka. Naushika mpaka utulie.

Kwa hiyo nyinyi wenye watoto wanaoendesha magari ya zamani, haya wasiyafanye:

Wasichomoe betri ili taa izime. Fundi aione inawaka.

Wasiseme imelowa tu. Gari likishavuka maji na taa ikawaka, likaguliwe kabla halijavuka tena.

Wasisogeze gari taa ya njano ikipepesa, wala taa nyekundu ya mafuta ya injini ikiwaka.

Wasiwashe injini ambayo kijiti cha mafuta kimetoka na rangi ya chai ya maziwa.

Wasiingie kwenye maji yanayokwenda kwa sababu jana walipita, au kwa sababu wa mbele amepita.

Likizimika majini, wasizungushe ufunguo. Wasingoje ndani. Watoke.

Na nyinyi msingoje kumjua marehemu ndipo muamini.