Filamu ya Watu Wazima

Mimi ni nyota wa filamu. Nimebusiwa kitandani, taa kali zikiniwakia usoni, mbele ya umati wa watu, na mwanamume ambaye hakuwa mume wangu. Haya, umati wenyewe ulikuwa vijana wachache na paka wa mwenye nyumba. Busu nalo lilirudiwa na kurudiwa hata mwenzangu akasinzia, mdomo wake ungali shavuni mwangu. Na filamu ilionyeshwa jioni moja tu, katika ukumbi wa shule ya chekechea, watazamaji wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu. Lakini nyota ni nyota. Hata ile inayoonekana mara moja ikaanguka.

Aliyesinzia alikuwa Kinyozi. Chumba chake cha kazi na changu vilikuwa chini ya bati moja, vimetenganishwa na ukuta wa mbao. Upande huu cherehani yangu, upande ule kiti chake cha kuzunguka ambacho kilikuwa kimeshakataa kuzunguka. Tulikuwa majirani wa kusikizana. Nilimjua kwa kikohozi, kwa mluzi, kwa jinsi alivyokung'uta kitambaa mteja akiinuka. Yeye alijua nimekosea kushona, kwa sababu cherehani ilinyamaza kisha nikautukana uzi. Kila asubuhi nilichukua mkasi, nikagonga ubao kwa mpini wake.

"Jirani, maji yapo?"

"Yapo."

Alikuwa na birika la umeme la maji ya kunyolea, mimi nilikuwa na majani ya chai. Ubao mmoja ulikuwa umelegea huko chini. Birika likaja kwa pengo lile, kikombe cha chai kikaenda kwa pengo lile lile. Mume wangu alikuwa amekufa zamani, mke wa Kinyozi vilevile, na hakuna kati yetu aliyesema lolote kuhusu hilo. Mtu angependa angeweza kuiita ndoa. Hakuna aliyependa.

Aliyetutoa nyuma ya ubao alikuwa Mwongozaji. Binti mwenye kipara cha kujitakia, kazi ya mikono ya jirani yangu, alikuja kwangu kupunguziwa suruali. Nikampandisha juu ya kigoda, nikapiga magoti na pini mdomoni, naye akaniambia kutoka huko juu:

"Bibi, natafuta watu wa kuigiza. Nataka kutengeneza filamu ya mapenzi, ya kuchekesha, lakini si zile za kawaida. Ya watu wazima."

Mimi nimeishia darasa la saba, na darasa letu la saba lilifundisha Kiswahili. Mtu mzima ni mtu mzima: anayeamkiwa kwanza, anayepishwa kiti, anayeshikwa mkono akishuka ngazi. Nikatema pini.

"Umefika, mjukuu wangu," nikamwambia. "Hapa na ng'ambo ya ubao, sote ni watu wazima. Huyo wa huko ni mzima mpaka amepitiliza."

"Nimesikia!" Kinyozi akajibu kutoka upande wake.

Mwongozaji alicheka akayumba juu ya kigoda nikamchoma pini. Hakunisahihisha. Alikuwa amekuja kutafuta bibi wa kukaa pembeni, wa kumwamkia tu kijana mpenzi akipita mlangoni. Alirudi baada ya siku kadhaa na maneno mapya kabisa, na wapenzi sasa tulikuwa sisi.

Nikampigia binti yangu simu. Yeye ni muuguzi, mtu wa kusikia mambo ya kila aina bila kushtuka.

"Nimepata nafasi kwenye filamu ya watu wazima," nikamwambia.

Nikasikia kitu kama bakuli la bati kikianguka.

"Mama. Ya *watu wazima*?"

"Sasa kwa umri huu unataka niigize ya watoto?"

Ilibidi Mwongozaji aje kumweleza yeye mwenyewe, na maelezo yake hayakusaidia sana, maana kitanda kilikuwamo. Mjane mmoja anajifanya mahututi ili wanawe wakumbuke kumtembelea. Wanapoondoka, babu jirani wa ng'ambo ya kichochoro anaingia kwa dirisha kumpa pole. Pole inanoga. Wanawe wakirudi, babu anajificha chini ya kitanda, na mgongo unamkaza huko huko. Palikuwa na mambo ya mwili yasiyosemwa mbele ya wakwe. Palikuwa na mahali ambapo tunavua meno ya bandia, kila mtu glasi yake, na meno yanakaa yakitazamana, yanacheka kabla yetu.

"Vua na meno," Kinyozi alipaswa kusema.

"Sasa nibaki na nini?"

"Ubaki wewe."

"Sitaki watu wawacheke ninyi," Mwongozaji alituambia siku ya kwanza, akitupanga kwenye shuka kama anayepanga vyombo vya mgeni. "Nataka wacheke, halafu waone haya kwamba hawakuwahi kuwafikiria kama mna mwili."

Kinyozi alifunga kifungo cha juu cha shati. "Mimi nilikuwa nao," akasema. "Sijui niliuweka wapi."

Kitanda kilikuwa chumbani kwa Mwongozaji mwenyewe, na dirisha lake lilikuwa chini, la kupandwa na mtu wa magoti mabovu. Kati ya picha na picha Kinyozi alijinyoa. Alikuwa na woga, na woga wake ulikaa kidevuni. Kufikia wiki ya pili alikuwa na ngozi laini kama ndani ya ganda la yai, ananukia poda, na nikigeuza shingo kwenye mto niliona uso ambao kwa miaka nilikuwa nauchora kwa masikio tu. Nilikuwa nimeuchora vibaya. Nilimpa masharubu na pua ya ukali. Kumbe alikuwa na macho ya mtu anayesubiri kuitwa jina lake.

Tulifika kwenye picha ya mwisho. Ni asubuhi, babu amekaa ukingoni mwa kitanda anavaa soksi. Anauliza, "Kesho nije?" Bibi anajibu, "Kesho nina nguo za watu." Kisha babu anatoka kwa dirisha ilhali mlango uko wazi, na filamu inaishia hapo.

Maneno yangu niliyakariri kama mtoto wa kesho mtihani. Kamera ikawashwa. Kinyozi akakaa, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Hakusema lake. Nikamwona bega likipanda na kushuka. Akaiambia ile soksi:

"Nimechoka kuzungumza na ubao."

Katika filamu hapakuwa na ubao. Palikuwa na kichochoro na dirisha. Ubao ulikuwa wetu, na sisi wawili tu humo chumbani ndio tuliojua una pengo wapi. Lakini jibu langu lilikuwa limeshakaa ulimini, limechoka kungoja zamu yake, likatoka lenyewe:

"Kesho nina nguo za watu."

Akacheka kidogo, kwa pua. Akainuka, akapanda dirisha, akatoka na soksi yake mkononi.

"Kata!" Mwongozaji alipiga makofi, anafuta machozi kwa kiganja. Vijana wote wakapiga makofi. Na mimi, nilipoona wanapiga, nikapiga.

Tangu pale nilikuwa na swali moja tu. Yale maneno yalikuwa ya nani? Kama yalikuwa ya babu wa filamu, basi tumemaliza kazi na kila mtu arudi kwenye kibarua chake. Kama yalikuwa ya Kinyozi, basi nilikuwa nimeposwa, na posa nimeijibu kwa maneno ya kukariri.

Kesho yake nikagonga ubao.

"Jirani, maji yapo?"

"Yapo."

Birika likaja. Nikalishika, lakini sikulivuta.

"Na yale ya ubao, uliyatoa wapi?"

Upande wa pili mashine ya kunyolea ikaanza kuunguruma. Sikuwa nimesikia mteja akiingia. Ikaunguruma, ikanyamaza.

"Mwongozaji alininong'oneza," akasema. "Alitaka ushtuke."

"Nilishtuka."

"Basi ameweza kazi yake."

Tukanywa chai. Mlango wake na wangu ilitengwa na upana wa ubao na hatua mbili tatu za sakafu. Nimetembea mbali zaidi ya hapo kutafuta kifungo. Lakini nilikuwa nimeuliza nikajibiwa, na jibu lilikuwa na mantiki, na mwanamke wa umri wangu anayekwenda kusimama mlangoni kwa kinyozi ilhali hana hata ndevu anakwenda kufanya nini? Laiti ningekwenda nikauliza huyo mteja asiyekohoa ni nani. Hiyo "laiti" nimeishona, nimeifumua, nimeishona tena, na bado haikai vizuri.

Kisha bango likabandikwa. Mwongozaji aliandika kwa herufi kubwa: KWA WATU WAZIMA TU. Mimi nikaona heshima. Mwana wa Kinyozi, mtu wa ofisini, tai shingoni mpaka siku ya mapumziko, akaona kitu kingine. Alikuja jioni ile, akakaa nyuma kabisa kwenye kiti cha mtoto. Watu walicheka hata ukumbi ukatetemeka. Meno yalipoingia kwenye glasi, mwanamke mmoja mbele yangu alicheka, kisha akauficha uso begani kwa mumewe, na sikuona kwamba bado anacheka. Hapo ndipo mwana aliposimama. Kiti kikasimama naye, kimemnasa kiunoni, na watu wakadhani ni sehemu ya mchezo.

Hatukupata jioni ya pili. Wenye shule walisoma bango vizuri zaidi. Na haikupita wiki gari likasimama mbele ya vyumba vyetu.

"Mama, usinielewe vibaya," mwana aliniambia kwa adabu zote. "Mzee amechoka. Apumzike kwetu."

"Yeye kasema amechoka?"

"Inaonekana tu."

Nikatamani kumwambia kwamba baba yake amechoka kweli, ila si na kazi. Nikameza. Kinyozi alitoka na birika lake, waya umezungushwa vizuri. Mara ya kwanza katika maisha yetu hakulipitisha kwenye pengo. Aliingia kwa mlango wangu, akaniwekea mkononi.

"Jirani," akasema.

"Jirani," nikasema.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu, kwa watu ambao taifa zima lingeweza kutuona kitandani kama wenye shule wangekubali.

Alikopelekwa ni mji mwingine. Namba niliyoachiwa ilipokelewa na mwanawe. "Baba amelala," aliniambia. Nikapiga tena mwezi uliofuata, amelala. Mwaka uliofuata, amelala. Sijawahi kuona mtu mwenye usingizi wa namna ile, na mimi nimelala naye mbele ya kamera. Nyuma ya ubao akaingia fundi simu. Mtu mzuri, lakini ukimgongea anadhani unalalamikia redio, anapunguza sauti na kuomba radhi. Nilijipikia maji mwenyewe kwa birika lile. Lilichemka vizuri. Kosa lake lilikuwa moja, halikuwa na mtu upande wa pili.

Mwezi uliopita Mwongozaji akaja. Nywele ameziacha zikaota, na zimeanza mvi. Filamu yetu imetakiwa katika ukumbi mkubwa, ukumbi wenye viti vya watu wazima kweli, naye alitaka ruhusa yetu sote wawili. Akanipakia kwenye gari tukaenda.

Tulimkuta sebuleni kwa mwanawe, kiti kimesogezwa dirishani, shuka miguuni. Miguu haimbebi tena. Kilichonichoma si miguu, ni kidevu: alinyolewa na mtu asiyejua, ndevu zimebaki visiwa visiwa. Mkwewe akaweka chai mezani, akakaa nasi.

"Jirani," nikasema kwa sauti ya kawaida.

"Jirani. Umezeeka."

"Wewe umerudi ujana. Ila huyo aliyekunyoa umshitaki."

Akacheka kwa pua. Mwongozaji akafungua kompyuta mapajani, akatuwekea picha ya mwisho. Mle ndani babu aliketi na soksi yake. *Nimechoka kuzungumza na ubao.* Mwongozaji akaisimamisha hapo hapo.

"Hapa ndipo kila anayeiona ananiuliza, 'Uliandikaje hii?' Nami nawaambia sikuandika mimi. Bibi, si ni wewe uliyempa hayo maneno?"

"Mimi? Si wewe uliyemnong'oneza?"

"Nimnong'oneze nini? Mimi hata sikujua kama kuna ubao."

Tukageuka kumtazama, wote watatu. Kinyozi alitazama nje ya dirisha. Mkono wake ukapanda kidevuni, ukakuta visiwa, ukashuka.

"Babu," Mwongozaji akasema, "yale maneno yalikuwa ya nani?"

"Eh?" Akaweka kiganja sikioni. "Sema kwa nguvu. Siku hizi sisikii kabisa."

Mkwewe akainua uso kutoka kwenye kikombe, kama mtu anayepewa habari mpya ya nyumbani kwake.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeyapanga kwa ukubwa. Nikayatazama pale, nikayaona yamechakaa. Asubuhi zote zile, na birika juu ya kabati langu, na miguu ambayo sasa isingefika hata mlangoni. Nikainuka, nikakigeuza kiti changu nikampa mgongo, ili asinione wala nisimwone, kama tulivyozoea. Nikagonga mkono wa kiti kwa kidole. Nikasema polepole, kwa sauti isiyoweza kumwamsha hata paka:

"Jirani, maji yapo?"

"Yapo," akajibu, upesi, kama mwenye mteja kitini.

Kisha akakumbuka kwamba hasikii.