Hasi ni Breki

−3

Kosa ni langu. Naliandika mapema, kabla hujamchukia mtu mwingine.

Mimi ni Ambokile Mwasomola, mwalimu wa fizikia. Miaka kumi na minne iliyopita nilikuwa na stashahada mpya na mdomo mrefu. Nikawaandikia Kidato cha Pili sheria nyepesi, ya kubeba mpaka nyumbani:

CHANYA NI MAFUTA.
HASI NI BREKI.

Wakaiimba. Nami nikaiimba. Kisha dawati la nyuma, Lusajo akanyoosha mkono. "Mwalimu, na gari likiwa linarudi kinyumenyume?"

Jibu sikuwa nalo. Utani ninao siku zote.

"Likirudi kinyumenyume," nikasema, "hilo limeshahasiwa."

Walicheka mpaka kengele. Tangu siku hiyo Lusajo akaitwa Hasi, na mkono wake sikuuona tena hewani mpaka Jumatano moja ukumbini—

Yanatosha. Asimulie mwingine.

−2

*Foleni ya chakula, machimbo ya kokoto Ilundo. Hasi sasa ni dereva wa lori.*

— Hasi na Mzee Chogero wameshikana tena getini.

— Kisa?

— Mlinzi kamsimamisha robo saa, anatafuta kalamu. Kalamu iko sikioni kwake.

— Hasi kasema nini?

— Kasema ipo siku.

— Mmh. Sogea, maharage yanaisha.

−1

Barabara ya machimbo ni moja. Imenyooka, inapanda. Kushoto ukuta wa mwamba, kulia korongo. Lori linapanda au linashuka; jambo la tatu hakuna. Chini kabisa, geti. Pembeni ya geti, kibanda cha Mzee Chogero.

0

Lori la Hasi likipanda, injini ilizimika mita chache juu ya geti.

Moja.

Mbili.

Tatu.

Nne.

Tano.

Kibanda.

Mguu wa mzee.

1

MACHIMBO YA KOKOTO ILUNDO
TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE
Yah: Lori Na. 7

(i) Kifaa cha kunasa mwendo kimesomwa. Upande wa kupanda mlima umehesabiwa kuwa chanya. Mwendo (mita kwa sekunde), kila sekunde: −2, −4, −6, −4, −2.

(ii) Sekunde tatu za mwanzo badiliko la mwendo ni hasi: dereva alishika breki. Sekunde mbili za mwisho ni chanya: dereva aliachia breki na kukanyaga mafuta.

(iii) Kwa hiyo dereva Lusajo Mwaisumo (Hasi) alikigonga kibanda kwa makusudi.

(iv) Kamati itaketi Jumatano. Mshitakiwa ana swali moja kwa kila shahidi. Shahidi atajibu alichoulizwa, hatahutubia.

(v) Baada ya kikao, suala litakabidhiwa polisi.

Inj. T. Mwambene, Mwenyekiti

*Chini yake, kwa makaa:* ANYONGWE

*Chini zaidi, mwandiko mwingine:* kinyumenyume

2

Tangazo lilimfikia Mwalimu Ambokile pamoja na barua ya wito. Kamati ilimtaka awe shahidi, athibitishe ile sheria ya mafuta na breki. Injinia Tusekile Mwambene alikuwa mwanafunzi wake, dawati la mbele, yule wa kufuta ubao bila kutumwa.

Mwalimu alizisoma namba kwa kidole, kama anavyowakataza watoto kusoma.

Hasi sita. Hasi nne. Hasi mbili.

Akarudia. Sita, nne, mbili. Lori lilikuwa linapungua mwendo. Linarudi nyuma, sawa, lakini linapungua. Mtu yuko juu ya breki kwa mwili mzima. Ukitoka hasi sita kwenda hasi mbili hesabu imepanda, ndiyo maana badiliko limeandikwa chanya. Na zile sekunde tatu walizoziita breki, hapo lori lilikuwa linaporomoka lenyewe. Alama haikuwa inasema breki wala mafuta. Ilikuwa inasema upande.

Breki ilikuwa chanya.

Kwa mara ya kwanza maishani alitafuta utani, akaukosa.

3

Wewe unayesoma, usiseme angeandika barua. Aliandika. Ilirudi na muhuri: MASHAHIDI WATASIKILIZWA KIKAONI.

Basi akaenda kwa Hasi. Madirisha mawili yalikuwa yameshapigwa mawe. Mke wa Hasi alifungua mlango, akamtazama, akauacha wazi bila kumkaribisha.

Mwalimu alisalimia. Hasi aliendelea kufunga kamba za viatu.

Alieleza yote akiwa amesimama. Kwamba kesho hataruhusiwa kutoa somo, labda aulizwe. Kwamba kamati haitamuuliza, maana inaona jibu inalo. Kwamba lipo swali moja tu la kumwokoa, na mwenye haki ya kuliuliza ni Lusajo peke yake.

"Lile la darasani," alisema. "Uniulize lile."

Hasi aliinua uso.

"Nikuulize, unipe jina la pili?"

"Lusajo, watakufunga."

"Nilijua jibu siku ile, Mwalimu. Nilitaka kujua kama na wewe unalijua." Akasimama. "Mlango wa kutokea ni uleule ulioingilia."

4

Jumatano, saa nne asubuhi. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mzee Chogero aliletwa kwa kiti, mguu umenyooshwa mbele kama ushahidi. Mtu alimtemea Hasi mate, yakaangukia kiatu, hakufuta.

Injinia Tusekile alimsalimia mwalimu wake shikamoo, akakaa sawasawa, akauliza: je, ni kweli Mwalimu ndiye aliyewafundisha kwamba chanya ni mafuta na—

"hasi ni breki," ukumbi ukamalizia. Nusu yao aliwafundisha yeye.

"Ni kweli, lakini niliko—"

"Ndiyo au siyo, Mwalimu."

"Ndiyo."

Kalamu ya katibu ikaandika. Ikapiga mstari chini.

Mwenyekiti akamgeukia mshitakiwa: ana swali kwa shahidi?

Hasi alikuwa anatazama viatu vyake.

Mwalimu Ambokile aligeuka, akawapa kamati mgongo. Akaambiwa aelekee mbele. Hakuelekea.

"Lusajo," alisema, "lile swali lako. Naomba uliulize tena."

Mikono ya Lusajo ilibaki magotini. Katibu alianza kukusanya karatasi.

"Naomba."