Maneno Aliyoyakata Abdihafid

Kila Alhamisi Abdihafid aliketi na msomi mmoja katika studio ya redio mjini Garissa, wakazungumza juu ya sayansi, historia na tabia za watu. Safari hii mgeni wake alikuwa Daktari Idman, mtafiti wa historia, mzaliwa wa mtaa wa Galbet mjini humo. Alimuuliza kuhusu abtirsi, yale majina ya mababu ambayo mtoto wa Kisomali hufundishwa kuyakariri.

"Wako wanaosema abtirsi ni uongo mtupu," Idman alijibu. "Mimi siwaungi mkono. Ni kumbukumbu, na kumbukumbu ya binadamu hujishona upya kila inaposimuliwa."

Abdihafid alitaka kipande cha kuvutia wasikilizaji. Akakata huku na huku, akabakiza "abtirsi ni uongo mtupu", akakirusha mtandaoni. Kufika jioni mji ulikuwa umechafuka, watu wakimlaumu Idman kwa kuwatukania mababu.

Baada ya siku chache alisikia kwamba Mzee Sugow, babake Idman, hasalimiwi tena msikitini. Moyo ukamsuta, akaenda kwao. Idman alimfungulia mlango.

"Karibu, adeer," mzee alimwambia, kama anayemwita mwana wa nduguye, akimwonyesha nafasi mkekani. "Nimegombana na watu kwa ajili yako. Nimewaambia kijana wa redio hawezi kuharibu maneno ya mtu, labda binti yangu aliteleza ulimi. Nikimuuliza, ananiambia nikuulize wewe."

Abdihafid alimtazama Idman. Idman alikuwa akitazama uani. Ingekuwa rahisi kwa Abdihafid kuitikia tu, kunywa chai na kuondoka.

"Hakuteleza, mzee. Maneno yake niliyakata mimi."

Mzee Sugow alimmiminia chai ya maziwa ya ngamia, akaisukuma mbele yake bila kumtazama. Abdihafid aliinywa yote.

Ijumaa alisimama msikitini baada ya swala akaeleza alichofanya, mzee wa watu akiwa ameinamisha kichwa safu ya mbele. Wengi walikwenda kumpa mzee mkono. Wengine walipita zao. Mazungumzo kamili yalipochezwa redioni, waliosikiliza hawakufika hata robo ya waliokisikia kile kipande.

Alimpigia Idman kumwalika tena.

"Nimekusamehe," Idman alisema, "lakini mbele ya kipaza sauti chako siketi tena."

Abdihafid hakumbembeleza.