Chapa ya Mbarka

Kila Alhamisi asubuhi, soko la mifugo la Bir Khaluf likianza kuchangamka, Daktari Naziha wa maabara ya mifugo alikuwa amekwisha kufunga aproni ya mpira na kupasua tumbo la ngamia juu ya sinki. Aliliosha kwa maji ya vuguvugu, akayamimina maji kwenye chekeche la matundu madogo, kisha akaokota minyoo kwa ncha ya sindano. Walikuwa wembamba kama uzi. Majike, wenye mistari myeupe na myekundu iliyosokotana, aliwatupa. Madume aliwaloweka kwenye dawa ya kuwang'arisha mpaka mwanga upite mwilini mwao.

Dume ndiye anayefaa. Mayai ya minyoo hawa yanafanana yote, na watoto wao pia hawana la kuwatambulisha. Dume mzima ana kitu kama mwavuli mkiani, na njiti ya nyuma ya mwavuli ule imegawanyika kama panda la manati, tena imesogea kando kidogo. Ukiiona njiti hiyo, umemjua mnyoo.

Naziha alikuwa mtu wa kushuku. Kabati la hadubini lilikuwa na kufuli mbili, na chai ya kuletewa aliinusa kabla ya kuinywa. Kwa hiyo Alhamisi ile, alipoona kwamba njiti haikuwa na panda, alilishuku chekeche kwanza, akaishuku na dawa. Akabadilisha vyote viwili, akatazama tena. Kila dume alikuwa na mstari mmoja ulionyooka, na chini yake nukta mbili.

Ilikuwa chapa ya Mbarka. Mji mzima uliijua. Marehemu Dhaou, mumewe, aliwachoma ngamia wake mapajani kwa chapa hiyo, na alipofariki, mkewe akashika chuma mwenyewe. Masika yaliyopita, Mbarka alipokwenda mazikoni kwa dada yake, ngamia wake wote walitoweka zizini, na hakuna aliyeona wala kusikia kitu.

"Ami Shedli," Naziha alimwita mchinjaji aliyemletea tumbo, "huyu ngamia alikuwa wa nani?"

"Wa Haji Lamine. Ngozi iko pale nje, kaione. Kwani vipi?"

"Minyoo wake wana chapa ya Mbarka."

Ami Shedli alijifuta mikono taratibu. "Basi ngamia ni wa Mbarka," akasema. "Minyoo hawana sababu ya kudanganya. Haji ndiye aliye nazo."

Naziha akaenda kuitazama ngozi. Chapa ya Haji ni duara lenye mistari miwili iliyokatana ndani yake. Aliipapasa kwa kidole. Mstari mmoja ulikuwa kovu la zamani, laini. Mwingine ulikuwa bado una magamba, na duara lilikuwa limepita palepale ambapo nukta mbili zingekuwa.

Mtu mwingine angetosheka. Naziha alikwenda kwa mkuu wa wilaya, akaeleza alichokiona, kisha akaongeza kwa kinywa chake mwenyewe, "Lakini ngamia mmoja si ushahidi. Nahitaji wengine."

Mkuu wa wilaya alimwita Haji Lamine. Haji alikuja akinukia uturi, akasikiliza, akacheka mpaka kilemba kikamlegea.

"Daktari anataka matumbo tu? Mbona hilo dogo! Mimi nachinja kila Alhamisi. Nyama kwa mteja, tumbo kwa daktari. Nani atalalamika?"

Ikawa hivyo. Kila Alhamisi Haji alileta ngamia machinjioni, na kila Alhamisi Naziha aliukuta mstari na nukta zake mbili. Ili asidanganyike, alipasua pia matumbo ya ngamia wa wafugaji wengine, na kote huko akakuta panda la manati kama vitabu vinavyosema. Sokoni watu walizoea. Muuza tende alimuuliza, "Daktari, leo tena wa Mbarka?" naye akijibu ndiyo, muuza tende aliendelea kupima tende zake. Haji alimpelekea Naziha ini bichi kwenye sinia. Naziha alilinusa, akawapa paka.

Siku moja Mbarka aliingia maabara, akakaa kwenye kiti cha plastiki bila kukaribishwa.

"Daktari, mwanangu," alisema, "kila ukithibitisha kwamba ngamia ni wangu, mimi napungukiwa ngamia."

Naziha alizima taa ya hadubini.

"Huwezi kuthibitisha wakiwa hai? Choo chao si kipo? Nitakuletea hata ndoo nzima."

"Chooni hupatikana mayai, mama, na mayai hayana alama. Lazima nimpate dume mzima, na dume mzima hatoki tumboni."

"Basi usithibitishe tena. Amebaki Rim peke yake."

Rim alikuwa ngamia jike mweupe ambaye Mbarka alimlea kwa chupa ya maziwa ya mbuzi. Naziha aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alivua aproni, wakaenda wote wawili kwa mkuu wa wilaya.

"Nimeridhika," Naziha alimwambia. "Ushahidi umetosha. Mrudishie huyu aliyebaki."

"Juzi si wewe uliyesema mmoja hatoshi?"

"Sasa wamekuwa wengi!"

"Hao wengine ndio hao. Huyu hajapimwa. Nitajuaje kama si wa Haji kweli? Wewe mwenyewe umenifundisha kushuku, daktari."

Haji, ambaye alikuwa amekwisha kuitwa, alikubali Rim aletwe uani. Mbarka alitoa sauti yake ya kuwaitia ngamia, ile inayoanzia kooni na kuishia puani. Rim akakata kamba, akaja mbio, akamwekea kidevu begani.

"Ngamia humfuata yeyote mwenye chumvi," alisema mkuu wa wilaya.

Mbarka akafungua viganja vyote viwili. Vilikuwa vitupu.

"Basi amekwisha kuilamba."

Alhamisi iliyofuata Ami Shedli alileta tumbo la Rim, akaliweka kwenye sinki na kuondoka bila salamu. Naziha alifanya kazi huku machozi yakimdondokea ndani ya chekeche. Mstari haukuwahi kunyooka vizuri kama siku ile.

Hukumu ilitolewa mchana, ofisi imejaa watu. Mali yenye chapa ni ya mwenye chapa, alisema mkuu wa wilaya. Ngozi zina chapa ya Haji, kwa hiyo ngamia walikuwa wa Haji. Minyoo wana chapa ya Mbarka, kwa hiyo minyoo ni wa Mbarka, na arudishiwe leo hii.

"Haki ni haki," alisema Haji Lamine. "Na wala simdai kodi. Wamekula na kulala kwangu tangu masika." Watu wakacheka, wakasema Haji ana roho nzuri.

Naziha alimkabidhi Mbarka chupa yenye minyoo. Mbarka aliinyanyua kwenye mwanga, akatoa ile sauti yake, na minyoo, ambao walikuwa wamekufa na kung'arishwa kwa dawa, wakageuza vichwa upande wake, wote kwa pamoja.

"Wote wamo?" aliuliza.

"Madume tu, mama. Majike niliwatupa. Sikuona wana faida."

Mbarka aliifunika chupa kwa ncha ya shali yake ili jua lisiwapige, akashika njia ya nyumbani.

Alhamisi iliyofuata soko lilichangamka kama kawaida. Ami Shedli alileta tumbo jingine la ngamia wa Haji Lamine, akasimama mlangoni kusubiri. Naziha aliosha, akachekecha, akaloweka, akatazama. Kwenye mwavuli wa kila dume kulikuwa na mwezi mwandamo na mkia mfupi, chapa ya wana wa marehemu Belgacem. Naziha aliwajua vizuri, na asubuhi ile alipokuja kazini alikuwa amepita kwenye zizi la Haji, akawaona ngamia wengine wenye makovu mapya mapajani wakitafuna majani.

"Vipi, daktari?" Ami Shedli aliuliza. "Wana nini?"

Naziha alifunika hadubini, akafunga kufuli ya kwanza, kisha ya pili.

"Wana panda," alisema. "Kama vitabu vinavyosema."